Diski ya Majani ya Mizabibu

Nyumbani kwa Rayna, droo ilikuwa wazi na diski haimo. Kufuli la mlango lilikuwa zima.

Inspekta Zlatka Peeva aliketi bila kukaribishwa. Magoti yalimuuma, na hii ilikuwa kesi yake ya nne tangu asubuhi.

"Diski ilikuwa na nini?"

"Picha elfu arobaini za majani ya mizabibu," alisema Rayna, afisa kilimo wa mji wa Asenovgrad. "Miaka miwili sasa tunaifundisha kompyuta kutambua magonjwa. Tuko wanne, tunasoma pamoja mtandaoni kila Jumanne. Ijumaa tunawasilisha kazi."

"Nakala?"

"Sina, Afande. Usinicheke."

"Sina nguvu za kucheka. Ufunguo unauweka wapi?"

"Chini ya chungu cha maua. Niliwahi kuwasimulia wenzangu."

Wenzake walikuwa watatu. Mmoja alikuwa wodini mjini Varna, kajifungua juzi. Wa pili, jana mchana diski ilipoibiwa, alikuwa zamu kiwandani mjini Ruse. Msimamizi wake alithibitisha. Akabaki Bogomil Tsankov, mwalimu mstaafu wa hesabu, mkazi wa mji wa Plovdiv, mwendo wa nusu saa kwa basi.

Zlatka alimchukua Rayna ili aitambue diski ikipatikana, akamwacha ukumbini kwa Bogomil, akaingia sebuleni peke yake.

"Mwalimu, jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Niende wapi na miguu hii?"

"Kwa Rayna kumeibiwa."

"Masikini. Sasa Ijumaa watawasilisha nini?"

Zlatka alishusha pumzi. "Sijakwambia kilichoibiwa ni nini."

Mzee alienda kwenye kabati la mikate, akarudi na diski iliyoviringishwa kwa kitambaa cha vyombo.

"Sijafuta hata picha moja."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Tangu mke wangu afariki, simu yangu hulia Jumanne tu. Watoto hawa huniuliza hesabu, nami wiki nzima natayarisha jibu. Wakishamaliza, nani atanitafuta? Nilitaka kuwachelewesha kidogo."

Zlatka aliandika maelezo yake polepole, neno kwa neno. Mzee akatia sahihi.

Rayna alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Aliichukua diski bila kumtazama.

"Tulishachagua somo jipya la kuanza Jumanne ijayo," alisema. "Ungefundisha wewe. Tulipanga kukwambia Ijumaa."

"Somo gani?" mzee aliuliza.

Rayna aliondoka na diski yake.