Kanga Aliyekuwa Akiatamia

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Winfrida alishuka kisimani na ndoo yake, akapanda nayo katikati ya migomba na mibuni, akamjazia maji shangazi yake Genoveva. Kisha alikunywa uji, akachukua madaftari, akamwita jirani yake Bariki, wakaondoka pamoja. Wote wawili walikuwa darasa la sita huko Kalinzi, juu milimani. Siku isiyo na ukungu waliweza kuliona Ziwa Tanganyika likimeta kule chini.

Winfrida alikuwa fundi wa kutega. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na baba yake, Mzee Kasiani, hakujua kusuka nywele wala kumwimbia mtoto akalala. Alijua kutega kanga. Basi alimfundisha mwanawe kile alichokijua: kusokota kamba laini, kufunga tanzi, na kulitega pale ndege anapopenya kwenye nyasi.

Lakini kanga walikuwa wamepungua. Zamani walitoka msituni makundi kwa makundi na kutapakaa shambani kama kuku wa mtu. Sasa lilibaki kundi moja dogo. Kwa hiyo wanakijiji walikubaliana katika mkutano: kutega ni kiangazi tu, maharage yakishavunwa, na kila nyumba isizidi kanga watatu kwa kiangazi kizima. Mvua ya kwanza ikinyesha, matanzi yote yanafunguliwa. Bibi Honorata, mama mtu mzima asiyependa mchezo, alichaguliwa kuyasimamia makubaliano hayo.

Makubaliano yalikuwa mazuri. Wabaya walikuwa wakubwa. Mvua za mwaka uliopita gari lilikuja kutoka mjini na wageni wenye bunduki. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Oswald, ndiye aliyewaonyesha njia. Waliondoka na gunia zima la kanga, na jioni hiyo nyumbani kwa mwenyekiti kulinukia mchuzi mpaka barabarani. Hakuna aliyeulizwa. Tangu hapo Mzee Kasiani kila akikaa kula alisema, "Sheria hii ni ya sisi wenye miguu mitupu. Wenye gari kiangazi chao ni mwaka mzima."

Alikuwa akisema na sahani yake. Winfrida alikuwa akisikia.

Ijumaa moja, mvua zikiwa zimekolea, Winfrida na Bariki walikuwa wakitoka shule. Kwenye tope, pembeni mwa shamba la mihogo, waliona alama za kucha.

"Kanga hao," alisema Bariki. "Ila wewe si fundi wa kiangazi tu? Mvua ikinyesha vidole vinakufa ganzi."

"Vidole vyangu vizima."

"Basi unamwogopa Bibi Honorata."

"Simwogopi mtu! Mwenyekiti mwenyewe anakula, mimi nani?"

"Maneno hayo. Kanga simwoni."

Kesho yake asubuhi, shangazi alipokwenda sokoni, Winfrida alichukua kamba yake akaenda kutega pale pale. Mchana aliporudi alikuta kanga mkubwa amenaswa shingo, amekwisha kufa. Mwili ulikuwa bado wa moto. Winfrida alifurahi kidogo, halafu akaangalia huku na huku. Kiangazi hakuwahi kuangalia huku na huku.

Nyumbani Shangazi Genoveva alikuwa amerudi. Alimtazama ndege, akamtazama mtoto, akaguna. "Ameshakufa, hatuwezi kumtupa. Lakini baba yako akija utajieleza mwenyewe." Akachemsha maji, akamtumbukiza kanga, akaanza kumnyonyoa. Alipofika tumboni mikono yake ilisimama. Hapakuwa na manyoya ya kunyonyoa. Ngozi ilikuwa tupu, nyekundu.

"Kaka!" aliita. "Njoo uone hapa."

Mzee Kasiani alitoka kwenye mibuni na panga mkononi. Alipouona ule upara wa tumboni, aliliweka panga chini.

"Huyu alikuwa akiatamia," alisema. "Ndege akiatamia, manyoya ya tumbo humtoka, ngozi yake iyaguse mayai na kuyapa joto. Winfrida, nani amekutuma?"

"Hakuna, baba. Lakini wewe husema sheria ni ya wenye miguu mitupu. Nikaona kama mwenyekiti anakula..."

Shangazi Genoveva alijifanya anachochea moto.

"Ni kweli nasema," alijibu baba. "Lakini nilikuwa namsema Oswald. Sikuwa namsema kanga. Kanga amenikosea nini?" Akatazama mawingu. "Mayai yake yako mahali yanapoa. Twende."

Walikwenda watatu, maana Bariki alikuwa amechungulia uani akaunganishwa na safari. Manyunyu yalianza. Winfrida aliwaongoza mpaka penye mtego, kisha akainama na kufuata kijia chembamba ambacho ndege yule alikuwa amekikanyaga kwenye nyasi. Kilipinda, kikapotea, akakipata tena kwenye kisiki cha mti uliokatwa. Chini ya kisiki, katika shimo dogo lililotandikwa majani makavu, mayai yalikuwa yamelala yamegusana, mengi kuliko vidole vya mikono miwili.

Winfrida alichukua moja akaliweka shavuni. "Baba, bado lina joto! Kidogo, lakini lipo."

Alivua sweta lake la shule, wakayafunga humo pamoja na majani makavu, naye akayakumbatia tumboni. Sasa yalitaka kuku wa kuyalalia. Kijiji chote kilijua ni nani mwenye kuku wa namna hiyo. Kuku mwekundu wa Bibi Honorata alikuwa ameliwa mayai yake na nyoka, na bado aling'ang'ania kiota kitupu, hataki kutoka.

"Mbona rahisi," Bariki alimnong'oneza Winfrida njiani. "Sema tumeyaokota tu. Atakusifu badala ya kukusema."

Ulikuwa uongo mwepesi, na hakuna ambaye angeumia. Mzee Kasiani aliusikia mnong'ono ule, lakini hakugeuka. Mlangoni kwa Bibi Honorata alisimama nyuma, akamwacha mwanawe abishe hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeloa hivyo, umebeba nini?"

"Mayai ya kanga, bibi. Naomba kuku wako ayaatamie. Yanapoa."

Bibi Honorata alifunua sweta. Uso wake ulichangamka. "Lo! Mazuri haya. Na mama yao yuko wapi?"

Bariki alimkanyaga Winfrida mguu. Mvua iligonga bati.

"Yuko chunguni, bibi. Nimemtega mimi."

Bibi Honorata alimtazama, halafu akamtazama Mzee Kasiani aliyekuwa akilowa uani. "Mayai kwanza," alisema. "Maneno baadaye." Akaingia ndani, akayapenyeza mayai chini ya kuku mmoja mmoja. Kuku alilalama, akajipanua, akatulia.

"Sikiliza," alisema aliporudi. "Huyu amekonda, amekaa siku nyingi bila kitu, na mayai ya kanga yanachukua karibu wiki moja zaidi ya ya kuku. Akichoka akiinuka, yote yanaoza. Utakuja asubuhi na jioni kumlisha na kumnywesha palepale alipo. Na kiangazi kikija, nyumba yenu haitegi. Wenu mmeshamla, na wa kesho mmemgusa."

"Sawa, bibi."

Basi ratiba ya Winfrida ikabadilika. Baada ya kisima alipitia kwa Bibi Honorata na mtama na maji kwenye kifuu. Kuku alimdonoa, alimzoea, na siku moja aliinuka kabisa akatoka nje. Winfrida alipiga magoti akayafunika mayai kwa viganja vyake, huku Bariki akimbembeleza kuku arudi kwa kumrushia kumbikumbi. Siku hiyo walichelewa shule, wakafagia uwanja mzima, na hawakunung'unika.

Hatimaye asubuhi moja kiota kililia. Vifaranga wenye michirizi mgongoni walikuwa wakipenya kwenye mbawa za kuku mwekundu. Mayai kadhaa hayakuanguliwa, na mwewe alichukua vifaranga wawili. Waliobaki walikua, wakaanza kulala juu ya bati na kumfokea kila mpita njia.

Kiangazi kilipoingia, mkutano wa kijiji uliitishwa. Bibi Honorata alieleza habari ya Winfrida mbele ya watu wote, kosa lake na ukweli wake. Mzee Kasiani akasimama.

"Mwanangu ametega wakati wa mvua, amekiri, na nyumba yetu inalipa. Sasa namuuliza mwenyekiti wetu: lile gunia la mwaka jana, nani amelisema?"

Watu walicheka, kisha wakamgeukia Bwana Oswald. Alijipangusa jasho, akakohoa, akasema wale walikuwa wageni tu. Mama mmoja akauliza kama mchuzi nao ulikuwa wa wageni. Mwenyekiti alikubali hadharani kwamba alikosea. Ikaamuliwa kwamba mgeni na mwenyeji, mwenye gari na mwenye miguu mitupu, wote watafuata msimu uleule na kiasi kilekile.

Wiki chache baadaye kundi dogo lilitoka msituni kuokota maharage yaliyodondoka. Kanga wa Bibi Honorata waliruka kutoka kwenye bati, wakatua pembeni, wakasitasita, kisha wakajichanganya. Winfrida hakuweza tena kuwatofautisha.

"Wamekwenda, baba," alisema.

"Ndivyo tulivyotaka." Mzee Kasiani alikaa karibu naye. "Ukimla kanga mmoja kiangazi, umemla mmoja, watoto wake wameshakua. Ukimla mmoja wakati wa mvua, umelila kundi. Na hata kiangazi, mwenye kuchukua bila kiasi anakula cha mwaka ujao. Wakubwa wakikosea, mwanangu, tuwaambie kosa lao. Tusiliige."