Binti wa Kwenye Kamera

Haya yalimpata rafiki yangu Pei-chen, wa mjini Kaohsiung. Alimwekea mama yake kipofu kamera ya kuzungumzia naye kutoka mbali, na neno la siri la kuiingia akawagawia ndugu, nao wakawapa wengine. Siku moja akarudi kijijini kwa mama yake kulibadilisha neno hilo. Mapazia yalikuwa yamefungwa, ndani giza totoro.

"Mama, nimefika."

"Wewe nani? Binti yangu naongea naye hapa kila siku."

"Mama, mbona sijakupigia mwezi mzima!"

Pei-chen akachomoa waya ukutani. Mvumo wa kamera ukazimika, nyumba ikawa kimya. Mama akaigeukia kamera.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

Sauti ya Pei-chen mwenyewe ikajibu kutoka kwenye kamera, polepole:

"Simjui, Mama. Usimsogelee."