Ukuta wa Shukrani

Upande wa soko wanakonyonyolea kuku huufikii kwa macho, unaufikia kwa pua. Manyoya yaliyoloweshwa maji ya moto yana uvundo wake, mzito, unaokaa kooni kama mafuta yaliyoganda. Ukipita pale asubuhi, chai unaisamehe.

Hapo ndipo mpima macho alipotumwa na bosi wake kuchukua kuku wawili wa sherehe ya duka lao la miwani. Alivaa shati la samawati lililopigwa pasi likanyooka, na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, jamani, machinjioni! Leso puani, akasimama mbele ya dada mwenye aproni ya plastiki na kilemba cha waridi, mikono imelowa damu hadi viwikoni. Dada yule alikuwa amemwinua kuku karibu kabisa na uso wake, nusura ambusu.

"Dada, mbona unamnusa?"

"Simnusi. Natafuta vinyoya."

"Kwa umbali huo?"

"Ndio umbali wangu. Hata wewe nakuona kama mvuke. Mvuke wenye leso."

Mpima macho akacheka, akajisahau akavuta pumzi kwa mdomo wazi, akakimbilia pembeni kutema mate. Aliporudi, dada ndiye aliyekuwa akicheka. Alikuwa na mwanya, na unyoya mmoja umemnata kwenye nyusi. Mpima macho akasahau hata idadi ya kuku.

"Njoo dukani nikupime macho," akasema, akampa kadi. Dada akaipokea kwa vidole viwili, ikapata doa papo hapo.

Miezi mitano baadaye kijana wa watu alikuwa amekufa ameoza. Alimwita Manyoya, naye akaitwa Bwana Leso. Kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, simu ililia.

"Manyoya wangu, umeamka?"

"Tangu saa kumi. Wewe ndiye unaamka na watoto wa shule."

"Haya, mambo matatu. Leo nashukuru jua, nashukuru mapafu yangu, nashukuru wewe."

"Utamu wote huo kabla sijapiga mswaki! Utanitapisha."

"Na wewe unashukuru nini?"

"Ukikata simu nivae mabuti."

Mambo matatu hayo aliyatoa kazini. Bosi wake, mama mwenye manukato yanayotangulia mlangoni, alitaka kila mfanyakazi aanze siku kwa kuandika shukrani kwenye karatasi ya rangi na kuibandika ukutani, wateja wasome. Mimi sina ugomvi na shukrani. Lakini shukrani ya kuamriwa, yenye pini na karatasi ya waridi, hunichefua kuliko ndoo ya matumbo.

Na mapenzi yao nayo yalikuwa na jambo la kuchefua. Kila walipokutana jioni, Manyoya alikuwa amejisugua kwa limau mpaka ngozi ikachanika.

"Nanuka?" aliuliza.

"Hunuki kabisa, mpenzi," mpima macho alijibu, akimkumbatia huku amebana pumzi.

Manyoya aliamini, au alijitahidi kuamini. Jumapili iliyokuwa ikija alikusudia kumpeleka kwa mama yake, na alikuwa ameshamwambia mama, "Huyu, tofauti na wengine wote, hanionei kinyaa."

Kupimwa macho kulichelewa kwa sababu kuku hawana likizo. Ijumaa hatimaye akapata nafasi, akaingia dukani amevaa gauni la kijani na viatu vya kisigino kifupi, akinukia marashi. Mpima macho akamkalisha, akamvisha fremu ya kupimia, akabadilisha lenzi moja baada ya nyingine.

"Soma hizo herufi."

"Nimezisogelea nikazikariri wakati nakusubiri."

"Mjanja wewe. Basi geuka, soma chochote ukutani kule," akasema, ameinama akiandika namba.

Manyoya akageuka. Ukuta wote ulikuwa karatasi za rangi zilizoandikwa kwa kalamu nene, na kila neno alikuwa analiona.

"'Nashukuru kwa chai ya maziwa.' Eh, Bwana Leso, naona! 'Nashukuru kwa shemeji yangu kuhama.' Ha! Na ile ya juu... 'Nashukuru kwamba sikuzaliwa kunyonyoa kuku. Jana nilimwona dada mmoja sokoni, damu na kinyesi hadi viwikoni. Nilirudi nyumbani nikaoga mara mbili.'"

Aliisoma yote, kwa sauti ileile ya furaha, kwa kuwa mtu anayeona mbali kwa mara ya kwanza hawezi kujizuia. Kalamu ya mpima macho ilisimama. Alikuwa ameisahau kabisa karatasi ile.

"Hiyo wateja wanaipenda sana!" bosi akadakia kutoka mezani kwake. "Inawakumbusha wasinung'unike."

"Mwandiko wako huu," Manyoya akasema.

"Niliandika kesho yake, baada ya siku ile ya kwanza. Nilikuwa sikujui."

"Viwiko vyangu ulivijua."

Akavua fremu, akaiweka mezani taratibu kwa kuwa haikuwa mali yake, akatoka.

Jumamosi, saa kumi na mbili, simu ikalia.

"Manyoya..."

"Usiniite hivyo. Ukishanikumbatia huwa unaoga mara ngapi?"

"Mpenzi, mimi..."

"Umeona? Sasa sikiliza. Mimi ndiye ninayekuonea kinyaa. Kuku ananuka, lakini kuku hajawahi kunitumia kuianza siku yake vizuri."

Akakata.

Jumapili mpima macho alikuja mwenyewe sokoni, jua ndiyo kwanza linachomoza. Hakuwa na leso.

"Nipe kuku," akasema.

Manyoya akamtupia mmoja, bila salamu. Mpima macho akamchovya kwenye pipa, mvuke ukampiga usoni. Akanyonyoa. Manyoya yalimganda vidoleni, ngozi ya kuku ikateleza kama sabuni ya zamani. Alipoingiza mkono kutoa matumbo, kitu kikapasuka ndani, cha kijani, kikamchuruzikia hadi kwenye saa. Akatapika juu ya viatu vyake vyeupe.

"Haya, Bwana Shukrani. Leo unashukuru nini?"

"Sina." Alijifuta mdomo kwa bega. "Nimechafukwa roho. Naichukia harufu hii, na kila siku nilikuwa nakukumbatia nimebana pumzi. Nilikudanganya."

"Najua. Kifua chako kilikuwa hakipandi."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Mimi mwenyewe mwaka wa tisa huu sijaonja kuku. Nikitia mkono tumboni mwake, mpaka leo vinyweleo vinanisimama. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kila mtu anataka niseme nashukuru nina kazi."

"Inakuchefua?"

"Kila siku ya Mungu!" Alilisema kwa nguvu hata wenzake wakageuka, na uso ukamlegea kama mtu aliyetua mzigo.

Mpima macho akanawa, akatoa miwani mfukoni, akamvisha.

"Karatasi nimeibandua. Bosi amenuna. Hii ni miwani yako."

Manyoya akaangalia huku na huko. Aliona meza yake, damu iliyokauka juu ya damu, nzi mmoja mmoja, ukuta uliorukiwa na vitu ambavyo kwa miaka tisa alidhani ni rangi.

"Mungu wangu! Ndivyo palivyo?"

"Ndivyo palivyo."

"Na chai nanywea hapa!" Akaziba mdomo, nusura naye atapike. Mpima macho akaanza kucheka, naye akacheka, wote wawili wameinama wameshika matumbo.

"Uliandika kweli," Manyoya akasema alipopata pumzi. "Damu na kinyesi. Kuona si kosa. Kilichoniuma ni ile asante."

Mpima macho akaanza kuinama.

"Usipige magoti hapo! Ndipo tunapomwaga matumbo!"

"Nimeshapiga." Sura ilimkunjamana. "Ni ya vuguvugu."

"Unaona kinyaa?"

"Sana. Nataka kutapika tena. Manyoya, nakuomba nikuoe."

Manyoya akaisukuma miwani juu kwa kiwiko, mdomo unamcheza.

"Mama anatusubiri saa sita."

"Na jibu langu?"

"Usiinuke kwanza. Kaa hapohapo, nikuone vizuri."