Usiufuate Mchi

Kila asubuhi Yudith aliamka akakuta mama yake mdogo, Loisi, ameshaondoka. Loisi alikuwa mpishi katika chuo kimoja mjini Dodoma, na wapishi wa chuo hawalisubiri jua. Alimwachia chai kwenye chupa na andazi chini ya sahani. Yudith aliinywa chai hiyo akiwa amesimama, kwa sababu kuketi peke yake kwenye meza yenye viti vinne kulimfanya ajione kama anasubiri watu wasiokuja. Kisha alifagia uwanja, akafunga mlango, akaenda shule.

Alikuwa hapo Miyuji, mtaa wa Dodoma, tangu Januari, darasa la sita. Kabla ya hapo aliishi na bibi yake, Restuta, katika kijiji kilicho nje kidogo ya Kongwa, mpaka ndugu walipokaa wakaamua kwamba msichana mwenye akili namna ile asome mjini. Msichana mwenyewe hakuulizwa. Bibi hakuwa na simu wala hakuitaka. Salamu zake zilipitia simu ya mwenyekiti wa kijiji, na zilipofika Miyuji zilikuwa zimeshapoa.

Wanafunzi wenzake hawakuwa wabaya. Walijuana tangu chekechea, na katika mazungumzo yao hapakuwa na nafasi ya kumwingiza mgeni. Wakati wa mapumziko Yudith alikaa karibu na bomba la maji akijifanya anasoma. Alikuwa mpweke, na upweke ule ulimuuma tumboni kama njaa.

Siku moja Mwalimu Obedi, aliyefundisha sayansi na michezo, alitangaza kwamba shule itachagua wasichana wawili wa kurusha tufe, na kwamba mashindano ya mwaka huu yatafanyika Kongwa. Baada ya neno hilo Yudith hakusikia kingine. Kutoka kijijini, Bibi angeweza kufika uwanjani kwa miguu. Akanyoosha mkono, na darasa zima likageuka kumtazama, maana mkono ule ulikuwa haujawahi kunyooshwa.

Siku ya kwanza ya mazoezi alilishika tufe la kilo tatu, akalipeleka nyuma ya kichwa, akalitupa kwa mkono mmoja, vilevile alivyozoea kutupa mabonge ya udongo kufukuza ndege kwenye shamba la uwele. Watoto wa kijijini kwao wote hutupa hivyo, na ndege huwatambua. Lakini tufe si bonge la udongo. Lilianguka mita nne tu mbele yake, na bega likamwaka moto. Ikram, bingwa wa shule, akamuuliza ameua ndege wangapi. Wote wakacheka. Yudith naye alicheka kidogo, ili asilie.

Mwalimu Obedi hakucheka. Alimwonyesha kwamba tufe halitupwi. Huwekwa shingoni, likasukumwa.

"Darasani tunaiita kani," alisema. "Haianzii mkononi. Unaisukuma ardhi kwa miguu, nayo ardhi inakusukuma wewe. Nguvu hiyo inapanda magotini, kiunoni, mpaka begani. Mkono unamalizia tu."

Yudith aliyaelewa maneno yote. Mwili wake ndio uligoma. Wiki mbili nzima alibaki uwanjani baada ya wenzake kuondoka, akirusha, akilifuata tufe, akirudi nalo, akirusha tena. Hakuna aliyemngoja. Alifika mita tano na nusu, akakwama hapo. Ikram alikuwa anapita saba.

Jumamosi moja akiwa anafua, alisikia mchi ukitwanga uani kwa jirani. Alikuwa hajausikia mlio ule tangu alipoondoka kwa Bibi. Aliacha nguo kwenye beseni, akaenda.

Jirani yule aliitwa Bi Mwajabu, mama wa makamo kutoka Kondoa, ambaye aliamini kwamba mashine za unga zinaharibu mtama. Yudith alimwamkia, kisha akaomba amsaidie kutwanga. Bi Mwajabu aliona machozi machoni mwa msichana. Akampa mchi.

Yudith alitwanga. Visigino viliinuka, magoti yakakunjuka, kiuno kikafuata, mikono ikaja mwisho. Alitwanga mpaka jasho likamtoka, ndipo alipogundua kwamba mikono yake haijachoka. Akasimama ghafla, mchi ukiwa juu. Bibi alikuwa akimwambia hivyo tangu ana miaka sita: mikono inaushika mchi tu, inayotwanga ni miguu. Na jambo la pili Bibi alilisema kila siku, mpaka likamchosha: "Usiufuate mchi. Panua miguu, legeza magoti. Mchi uende, wewe ubaki."

Bi Mwajabu aliuliza amepatwa na nini. Yudith akamweleza habari za tufe, na za Kongwa, na za Bibi, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alizungumza muda mrefu namna ile. Alirudi nyumbani na bakuli la mtama uliotwangwa, na ruhusa ya kwenda kila Jumamosi.

Siku ya kuchaguliwa, kila msichana alipewa nafasi tatu za kurusha bila kutoka nje ya duara la chokaa. Ikram alifikisha mita saba na ushei. Naima alifikisha mita sita na sentimita arobaini. Yudith alianza na mita tano na sentimita tisini. Mara ya pili aliisukuma ardhi kama anayetwanga, na tufe likaruka mbali kuliko lilivyowahi kuruka. Wanafunzi wote walilifuata kwa macho. Mwalimu Obedi alikwenda lilipoangukia, akainama na futikamba yake, akasoma kwa sauti: mita sita na sentimita sabini. Mtu mmoja akapiga makofi.

Yudith alitazama chini. Mwili wake ulikuwa umelifuata tufe, na kidole gumba cha mguu kilikuwa kimeacha alama mbele ya mstari wa chokaa, nje ya duara. Ilikuwa alama ndogo. Kisigino kimoja kingetosha kuifuta, na angekwenda Kongwa. Akilini alimwona Bibi amesimama pembeni mwa uwanja wa Kongwa, kanga begani. Angemwambia Bibi amefikaje pale?

"Mwalimu," alisema, "hiyo isihesabiwe. Nimetoka nje ya duara."

Mwalimu Obedi alirudi, akaitazama alama, akafuta namba kwenye daftari lake. Ikram alikuwa akimtazama Yudith kama aliyemwona leo kwa mara ya kwanza.

Ilibaki nafasi moja. Yudith alipanua miguu, akalegeza magoti, akasukuma. Tufe lilikwenda, yeye akabaki. Mita sita na sentimita hamsini na mbili.

Naima alilia, na Yudith hakuweza kufurahi mpaka alipokwenda kumshika mkono. Kisha Mwalimu Obedi akawakusanya wote.

"Mara ya pili Yudith alikuwa na nguvu, akakosa mizani," alisema. "Uzito wa mwili ukivuka vidole vya miguu, lazima uende mbele. Mara ya tatu aliuweka uzito katikati ya miguu yake. Hilo mtalisoma kitabuni. Lakini kati ya hizo mbili alisimama penye alama ambayo hakuna mwingine aliyeiona, akaisema. Nguvu mtaipata kwa mazoezi. Ukweli nao unataka mazoezi, na mazoezi yake mengi utayafanya ukiwa peke yako."

Jioni hiyo Ikram alitembea na Yudith mpaka nyumbani. Alitaka kuuona huo mchi.

Kongwa, Yudith alishika nafasi ya nne. Bibi Restuta alikuja kwa miguu, akasimama pembeni mwa uwanja, akashangaa mbele za watu kwamba chuma kizito hivyo kinasafirishwa kutoka Dodoma ili kije kutupwa. Yudith alimkimbilia, akamwamkia, akamuuliza kama aliweza kumtambua kutoka mbali, na macho yake yale yasiyoona vizuri.

"Uso sikuuona," Bibi alisema. "Nilikujua kwa miguu. Hukuufuata mchi."

Yudith akamkumbatia, akalia, na safari hii hakujaribu kucheka.