Vidole Vilivyomshinda Binti Mfalme

Haya yalimpata rafiki yangu Hettie, mtumishi katika jumba la binti wa malkia. Binti huyo alipenda kuchora, lakini vidole vilimshinda kabisa. Ndiyo maana alipomchora yaya wake, aliificha mikono yote ndani ya shali.

Siku hiyo wageni walikuwa njiani. "Kasafishe kioo cha picha ya yaya," akasema Bibi Tranter, mkuu wa watumishi. "Nikikuta doa, utaondoka bila barua ya sifa. Nani atakuajiri?"

"Nitakisugua mpaka yaya apige chafya, bibi."

Chumba kilikuwa giza. Mapazia hayakufunguliwa tangu yaya azikwe. Ko, ko, ko, kama ukucha dirishani. Hettie akavuta pazia. Hakuna mtu, hakuna tawi.

Kioo cha picha kilikuwa na alama tisa za vidole. Maskini, alifuta kwa siki mpaka mkono ukamuuma, hazikutoka. Viatu vya Bibi Tranter vikasikika vikija.

Hettie akainamisha kichwa, akakitazama kutoka pembeni. Alama zote zilikuwa upande wa ndani wa kioo.

Ko! Ikatokea ya kumi.