Swali Moja kwa Maren

"Usimguse mpaka atume ujumbe."

Sauti ya Mkuu Haugen ilikwaruza kwenye kidude kidogo ndani ya sikio la Wade Kessler. Wade alikuwa kakaa safu ya nyuma ya ukumbi wa chuo, bastola ya Glock 19 kwapani, kipande cha keki ya ndimu mkononi.

Mbele, Maren Tollefson alikuwa akitetea utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Aliufanya peke yake, majira yote ya baridi: jinsi bunduki zinavyotoroshwa kutoka bandari ya Duluth, chini ya shehena za soya, kwenda kwenye vita vya watu wengine. Asipopita leo, digrii ya mahusiano ya kimataifa ataisikia kwa wenzake. Na utafiti wote ulisimama juu ya shahidi mmoja asiye na jina.

Mwendesha kreni.

Genge la bandarini lilimtaka mwendesha kreni huyo afe, ila halikujua ni yupi. Idara ya upelelezi, ya akina Haugen na Wade, nayo ililitaka genge. Haugen akaona njia rahisi. Wapewe mtu wao, kisha wafuatwe.

Utetezi ni wa wazi. Anayetaka huingia, huuliza, hula keki.

Mzee wa safu ya pili alinyoosha mkono, akasimama. Clayton Bruhn, mtu wa genge. Alivaa skafu ya chuo, na pale hakuna anayemshuku mhitimu wa zamani mwenye skafu.

"Binti, huyo mwendesha kreni wako anaitwa nani?"

Ukumbi ukacheka.

"Bwana, majina ya mashahidi hayaulizwi," Profesa Voss alisema. "Hata mimi sijaambiwa."

"Nilimwahidi, mzee wangu," Maren alisema. "Simtaji hata mkininyima digrii."

Bruhn akakaa, masikio mekundu.

"Zuzu huyu Bruhn atatuharibia," Haugen alisema sikioni. "Wade, wewe ulisomea mambo haya. Msaidie."

"Mkuu, yule binti ni mtoto," Wade alinong'ona.

"Msaidie."

Wade akameza keki. Zamani naye alisimama mbele ya meza kama ile, jasho likimtoka. Alilijua swali ambalo mwanafunzi mwaminifu hawezi kulikwepa.

Akasimama.

"Hongera kwa kazi nzuri, dada. Mimi jina silitaki. Nauliza tu, mtu anayeweza kuuawa kwa kusema, kwa nini akuamini wewe, mwanafunzi? Mna uhusiano gani? Msomaji ana haki ya kujua kama unampendelea."

"Ni swali la haki, Maren," profesa alisema kwa upole. "Mtafiti hafichi upande wake. Tumelisema mwaka mzima."

Maren alimtazama profesa. Akatazama karatasi zake. Maskini, alikuwa amefundishwa vizuri mno.

"Ni mjomba wangu," alisema. "Kaka pekee wa mama."

Profesa Voss akatabasamu kwa fahari. Bruhn akashika njia ya chooni.

Wade akafuata. Kupitia upenyo wa mlango aliona kidole gumba kikicheza juu ya simu ya Samsung.

"Ametuma. Tumeipata namba ya aliyemtumia," Haugen alisema. "Sasa ni wako."

Teke moja. Mlango ukamvaa Bruhn usoni. Mzee akachomoa kisu. Wade akaudaka mkono, akaukunja mpaka ukalia.

"We nani?" Bruhn alikoroma.

"Mhitimu mwenzako."

Bruhn akacheka, meno yamejaa damu. "Mimi niliuliza nikashindwa. Aliyemuuza ni wewe, bwana mkubwa."

Wade alimbamiza uso kwenye sinki. Akambamiza tena, na mara hiyo ya pili haikuwa kazi, ilikuwa hasira. Kisha akamfunga pingu kwenye bomba, akanawa mikono.

Watahini walikuwa wangali faraghani wakimjadili Maren, kidude cha sikioni kilipokwaruza tena.

"Safi, Wade. Wauaji wanne, mnunuzi, na makontena yote."

"Na mjomba?"

"Ilibidi tuwaache wapande kreni kwanza. Bila hivyo, kesi ingekuwa ya nini?"

"Mkuu. Mjomba?"

"Ameanguka. Nenda nyumbani."

Nje, theluji ya mwisho ilikuwa ikiyeyuka kwenye nyasi. Kengele ya chuo ililia. Anayepita huipiga mwenyewe, na Maren aliivuta kamba kwa mikono miwili huku wenzake wakishangilia. Alipomwona Wade akamwachia mwenzake kamba, akakimbia.

"Kaka! Nimepita, tena kwa heshima ya juu! Profesa anasema lile swali lako ndilo lililonipitisha. Asante, jamani, asante sana!"

"Umejibu vizuri," Wade alisema.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Maren. Akaitazama, akacheka.

"Mama huyo, anataka matokeo. Ngoja mjomba asikie, ataruka kuliko wote!"

"Pokea," Wade alisema.

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatembea taratibu kuelekea kwenye Ford yake. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango aliposikia simu ikianguka kwenye saruji.

Hakugeuka.