Waya Aliouvunja Vilde

Kila siku akitoka shule Vilde hupita kwanza kibandani kuchukua kuni, kisha huvua mabuti mlangoni na kula mkate wake kwa jibini ya kahawia. Ijumaa hiyo kuni alizisahau. Mezani kulikuwa na boksi la ruta mpya, kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani.

Asubuhi Ragnhild, fundi wa kijiji, alikuwa ameingiza faiba, waya wa intaneti ya kasi, nyumbani kwao na kufunga kisanduku cheupe ukutani. Angerudi saa kumi na moja kumalizia. Saa kumi na mbili Mama angepiga simu ya video kutoka melini anakofanya kazi, na kwa mara ya kwanza wangemwona bila picha kukatikakatika.

"Mngoje Ragnhild," alisema Bibi Borghild.

"Bibi, ni kazi ya dakika tano! Nimewaambia wenzangu nitaiunganisha mwenyewe."

"Mdomo wako una mbio kuliko mikono yako," Bibi akacheka, akatoka kwenda kuwalisha kondoo.

Vilde akafungua boksi. Alichomeka waya mwembamba wa manjano kwenye kisanduku, ncha ya pili kwenye ruta. Ulikuwa mrefu mno. Akaukunja mara nne, akaukaza kwa uzi wa kufumia, akausukuma nyuma ya kabati. Alipowasha umeme, taa moja ikawa ya kijani. Nyingine ikawa nyekundu. Akaukunjua waya, akaunyoosha, akasubiri. Nyekundu tupu. Akarudisha kila kitu ndani ya boksi na kulifunga vizuri.

Ragnhild alifika, akaunganisha. Taa nyekundu.

"Ajabu," alisema. "Asubuhi nilipima, mwanga ulifika hadi hapa ukutani. Na vifaa hivi ni vipya."

"Ndiyo yale yale!" Bibi, aliyekwisha kurudi kutoka kwa kondoo, akamdakia. "Nilikufundisha hesabu miaka mitatu, Ragnhild, na kila jibu lako lilikuwa la haraka haraka. Leo umetufanyia hivyo hivyo!"

Masikio ya Ragnhild yakawa mekundu. "Huenda nimekosea kwenye maungio ya waya kule barabarani, Mwalimu. Nakwenda kuyafungua." Akavaa taa kichwani, akachukua koleo na kutoka.

Vilde alimwangalia dirishani akichimba theluji huku amepiga magoti. Akatoka mbio, hata mabuti hakuvaa.

"Dada Ragnhild, acha kuchimba! Ni mimi. Niliukunja ule waya, nikaurudisha boksini."

Ragnhild aliegemea koleo. "Na ukanyamaza nikigombezwa?"

"Niliogopa. Nisamehe."

"Rudi ndani kabla vidole havijaganda."

Ndani, Ragnhild alitoa waya mwingine begini. "Humu mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Mwanga ndio unaobeba picha na sauti. Ukiukunja sana, kioo huvunjika na mwanga hauendi. Haya, uunganishe wewe. Upinde taratibu, kama mviringo wa sahani."

Vilde aliuzungusha polepole, akauchomeka hadi ukalia *ka!* Taa ya kwanza ikawa ya kijani. Ya pili ikapepesa, ikapepesa, nayo ikawa ya kijani. Akaandika nenosiri kwenye kompyuta, na saa kumi na mbili kamili uso wa Mama ukajaa kwenye skrini, hata madoa ya puani yakionekana.

"Mbona soksi zako zinachuruzika maji?" Mama akauliza.

Vilde akamweleza yote, bila kuruka kitu.

Bibi alimmiminia Ragnhild kahawa. "Nimekuonea, mwanangu. Nimelaumu kabla ya kuuliza, nami nimewahi kuwa mwalimu!" Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Kuharibu waya si aibu, Vilde, kila anayejifunza huharibu. Aibu ni kumwachia mwingine mzigo wa kosa lako. Ukikosea, sema mapema, mwenzako asije akachimba theluji bure."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi vaa soksi kavu. Halafu ukalete kuni, moto unazimika."